Soma kadi ya ukaaji yote kabla ya kuandika mkataba

Kazi yangu ni kuwasaidia waajiri kupata vibali vya wafanyakazi wa kigeni, na swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko yote huja na nakala ya kadi: "Huyu ana ukaaji wa kudumu. Aanze Jumatatu?" Naitazama kadi. Ni halali, muda haujaisha, picha ni ya mwenyewe. Ila imetolewa na nchi nyingine.

Ukaaji wa kudumu ni haki anayopewa mtu na serikali moja, ndani ya mipaka ya serikali hiyo. Mwenye kadi ya kijani ya Marekani anaweza kuingia Kanada kutembea bila kuomba viza, na hapo ndipo waajiri huteleza: wanadhani aliyeingia kwa urahisi anaweza pia kufanya kazi. Hawezi. Kibali cha kazi cha Kanada ataomba kama wageni wengine.

Umoja wa Ulaya una utaratibu wake. Kwa Agizo namba 109 la mwaka 2003, raia wa nchi isiyo mwanachama aliyeishi kihalali katika nchi mwanachama miaka 5 mfululizo, mwenye kipato cha uhakika na bima ya afya, anaweza kupewa hadhi ya mkazi wa muda mrefu wa Umoja wa Ulaya. Hadhi hiyo inampa haki ya kuhamia nchi mwanachama nyingine na kufanya kazi huko. Denmark na Ireland hazimo kwenye utaratibu huu.

Sasa angalia jina lililoandikwa kwenye kadi, kwa sababu hapa ndipo nimeona watu wakiumia. Hispania hutoa kadi ya "Residente de larga duración" na nyingine ya "Residente de larga duración-UE". Zinafanana, na zote mbili ni za ukaaji wa muda mrefu, lakini ni ile yenye "UE" tu inayobeba haki ya kuhama. Ujerumani nako, "Niederlassungserlaubnis" ni ukaaji wa kudumu wa kitaifa. Inayovuka mpaka ni "Daueraufenthalt-EU". Niliwahi kumhudumia fundi wa kuchomelea vyuma aliyekwisha kuacha kazi na kurudisha funguo za nyumba aliyopanga, ndipo ikagundulika kwamba kadi yake haikuwa na zile herufi mbili. Mwajiri wake mpya hakuwa na nia mbaya. Hakuna aliyemwambia asome mstari ule.

Hata kadi ikiwa ndiyo yenyewe, mfanyakazi hapaswi kuanza kazi siku anayoshuka kwenye treni. Anatakiwa kuomba kibali cha ukaaji cha nchi ya pili ndani ya miezi 3 tangu aingie. Mamlaka zina miezi 4 ya kuamua, na zinaweza kuongeza 3. Nchi hiyo inaruhusiwa kwanza kuangalia soko lake la ajira na kuwapa kipaumbele raia wake na wa Umoja. Haki ya kutendewa sawa na raia kazini huanza pale kibali kinapotoka, na hata hapo nchi inaweza kumzuia asibadilishe kazi kwa hadi miezi 12. Baadhi ya nchi hupokea ombi mtu akiwa bado anaishi nchi ya kwanza. Kama yako ni mojawapo, tumia njia hiyo, maana mshahara wake wa zamani unaendelea wakati mnasubiri.

Kuna jambo ambalo waajiri hawaniulizi, nami hulileta mezani kila mara: ajira yako inaweza kumpokonya ukaaji alionao. Mkazi wa kudumu wa Kanada lazima atimize siku 730 nchini humo katika kila miaka 5. Ukaaji usio na kikomo wa Uingereza kwa kawaida hufutika mtu akikaa nje zaidi ya miaka 2 mfululizo. Hadhi ya Umoja wa Ulaya hupotea kwa kukaa nje ya Umoja miezi 12 mfululizo, ingawa Mahakama ya Haki ya Umoja iliamua Januari 2022 kwamba hata siku chache za kurudi ndani ya kipindi hicho zinatosha kuilinda. Mtu aliyejenga maisha yake kwa miaka 5 au 10 anastahili kuambiwa haya kabla hajatia saini, hata kama utampoteza.

Mikataba ninayoandaa sasa haitaji tarehe ya kuanza kazi. Inasema kazi itaanza kibali kitakapotolewa, na kwamba mwajiri atalipa gharama za kurudi kwao kibali kikikataliwa.