Mgeni Anayejitolea na Mtoto Anayebaki Kigoma

Ifikapo Juni, vyuo vingi vya Ulaya na Marekani vikiwa vimefunga, huanza kufika Kigoma vijana wa kigeni waliojilipia nauli ili waje kusaidia watoto wanaoishi katika umaskini. Nia yao kwa kawaida ni njema, na wenyeji huwapokea kwa ukarimu unaostahili. Hata hivyo, sisi wa ustawi wa jamii tunalazimika kuuliza swali ambalo wenyeji wao huliona kuwa la kukosa adabu: mgeni huyu atakaa hapa wiki ngapi, na akiondoka, mtoto atabaki na nani?

Katika ukaguzi wa makao ya watoto kuna jambo ambalo nimelizoea kuliona getini. Mtoto wa miaka minne anamkimbilia mtu asiyemfahamu, anamshika mkono, anataka abebwe, na mgeni hutokwa na machozi akidhani amependwa. Mtoto anayelelewa vizuri nyumbani hafanyi hivyo. Hujificha kwanza nyuma ya kanga ya mama yake, akamchungulia mgeni mpaka amzoee. Yule anayemkumbatia kila ajaye mara nyingi ni mtoto ambaye watu wazima wamepita maishani mwake kama abiria, naye amejifunza kuchukua upendo wa dakika chache kwa kuwa hana uhakika wa ule wa kesho. Kila kundi jipya linalokuja kucheza naye na kuondoka linaongeza tatizo hilo, hata kama limemletea madaftari na viatu.

Utafiti ulioanza Bucharest, Romania, mwaka 2000 na kuwafuatilia watoto 136 waliokuwa wakiishi katika taasisi, ulionyesha kuwa waliohamishiwa kwenye familia za malezi ya kambo walikua vizuri zaidi kiakili na kihisia kuliko waliobaki, hasa waliohamishwa kabla ya kutimiza miaka miwili. Kwa msingi huohuo, miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2009 kuhusu malezi mbadala inasema kwamba umaskini peke yake usiwe kamwe sababu ya kumtenganisha mtoto na wazazi wake.

Hapa kwetu maneno hayo yana sura ya mtu. Mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, mama anayeishi kwa kuanika dagaa pale Kibirizi hakuwa na cha kuanika. Mama wa namna hiyo akisikia kwamba kwenye makao fulani watoto wanakula mara tatu na wazungu wanawalipia ada, atashawishika kumpeleka mwanawe, naye mtoto ataanza kuitwa yatima ilhali mama yupo, bibi yupo Ujiji na mjomba yupo Mwandiga. Fedha za kumtunza mtoto huyo katika makao kwa kawaida huzidi zile ambazo zingemwezesha mama yake kuvuka miezi hiyo mitatu. Tatizo ni kwamba mama anayepewa mtaji wa dagaa hapigwi picha ya kuvutia wafadhili, na nadhani hilo ndilo linalotugharimu zaidi kuliko ukosefu wa fedha wenyewe.

Ushauri wetu kwa taasisi zinazopokea wageni ni kwamba anayejitolea awekwe pembeni ya mtu mzima atakayebaki. Mwalimu wa kigeni asiyejua Kiswahili, sembuse Kiha ambacho mtoto wa darasa la kwanza Kasulu ametoka nacho nyumbani, hawezi kuwa na darasa lake. Lakini anaweza kukaa na walimu wetu wakatengeneza pamoja zana za kufundishia hesabu. Muuguzi mzoefu afanye kazi na wauguzi wenzake wodini, na mhasibu aoneshe namna ya kuweka vitabu sawa.

Utaratibu wa kisheria nao usirukwe. Viza ya utalii haimruhusu mtu kujitolea. Kibali cha ukaazi cha wanaojitolea ni cha daraja C, na kiombwe mapema. Makao yawe na leseni kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na mgeni alete cheti cha polisi cha nchini kwake kabla hajaonana na mtoto yeyote. Picha ya mtoto isirushwe mtandaoni kwa sababu tu mlezi hakukataa. Mara nyingi hakuulizwa. Mwenye wasiwasi kuhusu usalama wa mtoto apige simu namba 116, au amwone afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yake.

Kwa mwenye wiki tatu tu, kazi zipo: kurekebisha kompyuta za ofisi, kupaka rangi madarasa, kumsaidia mratibu kuandika ripoti. Jioni anaweza kuwatazama watoto wakicheza mpira, akiwa ameketi na mlezi wao kwenye benchi. Na mtoto akianguka akaumia goti, mgeni abaki pale benchini, mlezi ndiye ainuke.