Ati "ile siasa tu, sanaa hamna"

Nshachoka jamani. Mie nauza picha hapa Mji Mkongwe na wiki haipiti sijaambiwa "huyo Lubaina Himid wenu anachora siasa tu". Himid ni msanii, mwanamke mweusi wa Uingereza mzaliwa wa hapa Unguja. Juzi kanambia hivyo hivyo kijana mmoja, kakaa kwenye stuli yangu, simu mkononi, picha kaiona ndogo kama stempu na hukumu keshatoa.

Sasa chukua kazi yake ya Naming the Money ya 2004. Watu 100 wa mbao, urefu wa mtu kweli, wamekatwa wakapakwa rangi, wapiga ngoma, mafundi viatu, wafunza mbwa, waganga wa mitishamba. Ukiwatizama kwa mbele nguo zinawaka utasema wamekuja harusini, kwa hivyo mmoja anaondoka anasema mapambo tu, na mwengine keshasikia habari ya utumwa, anasema siasa tu, na wote wawili hawajazunguka! Mgongoni kila mmoja kabandikwa karatasi: jina lake la asili, jina alilopewa na waliomfanya mtumwa, kazi aliyokuwa nayo kwao na anayofanyishwa sasa. Zile rangi ndizo zilizokuvuta mpaka ukafika mgongoni, ungepewa karatasi peke yake ungeisoma? Na kanga ya mamako ina jina pale chini, mara nyengine jina lenyewe kombora la jirani, mbona hujasema ile si nguo ni maneno tu? Himid mwenyewe anachora za mtindo wa kanga, maneno na nakshi pamoja. Ushauri wangu ni ule ule, kibao cha maelezo kisome mwisho, kwanza tizama mpaka uchoke, kisha zunguka.

"Tuzo kapewa kwa huruma." Huruma gani? Turner Prize, ile tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza, kachukua 2017 ana miaka 63, na kabla ya mwaka ule mtu akishafika 50 hashindani tena, wakati yeye kazi kaianza zamani, 1985 alishawakusanya wasanii wanawake weusi kwenye maonyesho pale London.

"Hataki kukosolewa." Tizama A Fashionable Marriage, 1986, kachukua picha ya Hogarth, mchoraji wa Kiingereza wa zamani, akawatia Thatcher, waziri mkuu wa Uingereza wakati ule, na Reagan, rais wa Marekani, kama wapenzi, na mkosoaji wa sanaa kamtia mle mle mahali pa muimbaji. Kukosolewa anakujua, anajibu kwa brashi.

"Si wetu." Kazaliwa Unguja 1954, kachukuliwa ana miezi minne, mtoto mchanga angekataa vipi?