Lepe la mchana si uvivu

Ikifika saa nane mchana macho huwa mazito, na wengi hulaumu ugali. Chakula kizito huchangia, ila hata aliyeshinda na njaa husinzia. Saa ya mwili yenyewe hupunguza uchangamfu kati ya saa saba na saa tisa. Tena tangu tulipoamka, ubongo umekuwa ukikusanya kemikali iitwayo adenosini, na kadiri inavyozidi ndivyo usingizi unavyotuvuta. Lepe fupi huipunguza.

Watu wa pwani wanalijua hilo tangu zamani. Zanzibar na Lamu bado yapo maduka yanayofungwa baada ya adhuhuri, wenyewe wakapate kailula, yaani usingizi wa mchana.

Shirika la anga la Marekani, NASA, lililipima jambo hili kwa marubani wa safari ndefu. Waliopewa dakika 40 za kupumzika kitini, kwa zamu, walilala wastani wa dakika 26. Walifika macho na makini. Walionyimwa nafasi hiyo walipitiwa na usingizi wa sekunde chache chache hata ndege ikiwa inashuka kutua.

Kwa hiyo ninawasihi madereva wa mabasi na malori: usingizi ukikushika, kufungua dirisha au kuongeza sauti ya redio hakusaidii. Egesha mahali salama, ulale dakika 15 hadi 20. Ukinywa kahawa kabla ya kujilaza, itaanza kufanya kazi karibu na wakati wa kuamka. Wauguzi wanaoingia zamu ya usiku nao walale kidogo kabla ya kutoka nyumbani.

Tegesha kengele ya simu. Ukipitiliza nusu saa utaingia usingizi mzito, na ukiamshwa humo utabaki na mang'amung'amu, kichwa kizito kuliko awali. Ukilala baada ya saa tisa, usiku utagaagaa kitandani. Mwenye tatizo la kukosa usingizi usiku ni heri aache kabisa kulala mchana.

Jambo moja hutupa wasiwasi sisi madaktari: mtu anayelala usiku kwa muda wa saa saba au nane na bado mchana hawezi kujizuia kusinzia. Akiwa anakoroma sana, au mwenzake anamsikia pumzi ikikatika usingizini, aje hospitali apimwe. Kisukari na upungufu wa damu navyo huleta uchovu wa namna hiyo, na vipimo vyake ni vya kawaida.