Tafadhali, Samaki Asiongee kwa Mapovu

Nimeambiwa tena, na kwa nia njema kabisa, kwamba kugeuza ngano kuwa mchezo wa redio ni kazi nyepesi. "Si tayari ni hadithi ya mdomo? Gawa sauti, weka milio, rusha hewani." Nimelisikia hilo kwa watayarishaji, kwa waigizaji, na hata kwa mhasibu aliyetaka kupunguza siku za studio. Najibu kwa maandishi mara hii, ili wakati mwingine nitume kiungo tu.

Nitatumia ngano ya Haiti niliyoitengenezea mchezo: Tezen. Wasimulizi hutofautiana, ila mifupa yake ni hii. Binti hutumwa maji kwenye chemchemi, anakutana na samaki aitwaye Tezen, wanapendana. Akimwita kwa wimbo, Tezen huibuka na kumpa maji safi ya chini kabisa. Ndugu yake wa kiume akienda, hurudi na tope. Kijana anamnyatia dada yake, anaona, anasema nyumbani. Baba anamuua samaki. Tezen alikuwa ameshamwambia binti kwamba siku akiuawa damu itamjulisha, na inamjulisha. Basi binti anakaa chini, anaimba, na huku akiimba anazama ardhini mpaka zinabaki nywele.

Sasa niambie, maji safi yana mlio gani? Na ya tope? Ni mlio uleule. Msimulizi aliyekaa uani hana shida, anasema tu "maji safi" na yameshakuwa safi. Mimi nikimpa mama maneno hayohayo, "Lo, mwanangu, tazama yanavyong'aa!", nimeua onyesho, kwa sababu hakuna mama anayesema hivyo. Huyo anaongea na msikilizaji, si na mwanawe. Kwenye mchezo wangu hakuna anayetaja maji hata mara moja. Mama anakunywa kata nzima ya binti, anaomba ya pili. Ya kijana anaonja na kutema. Kutema kuna sauti.

Hayo ni madogo. Kinachonikera hasa ni wimbo.

Haiti msimulizi huanza kwa kuuliza "Krik?", na waliokaa humwitikia "Krak!" Wasipoitika, haanzi. Aliyelelewa na paukwa-pakawa hahitaji kufafanuliwa. Kisha wimbo ukifika, nao wanaimba, maana wengi wanaujua tangu utotoni. Kwa hiyo hadithi hii si ya mdomo, ni ya midomo. Nusu ya waigizaji wako upande wa pili, na studio haina upande wa pili. Kuna waigizaji wanne, maiki mbili na fundi mitambo anayeangalia saa.

Dawa ya haraka ambayo kila mtu huipendekeza ni kurekodi kikundi kikipaza sauti "Krak!" pamoja. Nimesikiliza kazi za namna hiyo. Zinasikika kama tangazo la sabuni.

Mimi nilikwenda njia nyingine. Wimbo unaimbwa mara tatu. Mara ya kwanza msikilizaji anausikia. Mara ya pili anaushika, na kama mtungaji wa muziki anajua kazi yake, mtu anaosha vyombo nyumbani na anaimba chinichini pamoja na binti. Mara ya tatu anayeimba ni yule kijana, amemwiga dada yake, baba kasimama nyuma yake na panga. Tezen anaibuka kwa sababu ni wimbo uleule. Na aliye nyumbani bado anaimba chinichini. Uitikiaji wa uani umerudi, ila sasa msikilizaji ameshiriki kumwita samaki aje kuuawa.

Sasa kila nikipeleka mswada, kalamu nyekundu inakata mara ya pili. "Marudio yanachosha." Hapana, ndugu yangu. Ukiikata ya pili, ya tatu inabaki kelele za mvulana asiyejua kuimba.

Lugha ya wimbo bado inanisumbua. Niliacha jina na kiitikio kwa Krioli cha Haiti, nikatia beti kwa Kiswahili. Krioli ina maneno mengi mafupi, ya silabi moja au mbili, na maneno yetu yanavimba juu ya mahadhi yale. Siku nyingine naona nimefanya sawa. Siku nyingine naona nimeshona viraka.

Samaki. Kila fundi mitambo, bila kuombwa, humwekea mapovu na mwangwi. Blub-blub, halafu "mpenzi wangu". Katika imani za Vodou, dini ya jadi ya Wahaiti, chini ya maji ni mahali pa roho na wafu. Wapo akina Simbi, roho za chemchemi, ambao asili yao inafuatwa mpaka kwa Wakongo waliovushwa utumwani. Anayetokea chemchemini anaweza kuwa samaki na zaidi ya samaki, kwa hiyo asichekeshe. Sauti ya Tezen nimeiweka karibu na maiki kuliko zote, kavu, haina chochote, na binti anasimama hatua moja nyuma yake. Ukaribu ndio unaomtenga na wanadamu. Na ngoma za kutisha pia hapana. Vodou ni dini ya watu, si filamu ya mizimu.

Wapo wanaotaka niihamishie Ziwa Victoria, Tezen awe sangara. Hakuna haja. Bouki, yule mlafi wa ngano za Haiti anayedanganywa kila siku na Ti Malis, ni fisi wa Senegal aliyevuka Atlantiki akafika kisiwa kisicho na fisi. Mtoto aliyekua na Sungura na Fisi atamtambua kabla hajamaliza sentensi. Msikilizaji wetu anaweza kusafiri, tumwache asafiri.

Kuzama ardhini sijakuweza mpaka leo. Udongo ukimwagwa unasikika kama mazishi. Tulichofanya ni kuacha maiki juu, mwigizaji akaimba akiwa amesimama, akachuchumaa, akalala sakafuni. Wengine walielewa. Wengine walidhani ameondoka, mpaka mama anapopiga kelele ashikwe nywele.

Na kuna shaka kubwa zaidi. Mhaiti Maurice Sixto, aliyefariki mwaka 1984, alirekodi masimulizi ambamo yeye peke yake ndiye wahusika wote, na watu wanayasikiliza mpaka sasa. Nikimsikiliza najiuliza kama nilihitaji waigizaji wanne, au mzee mmoja, kiti na maiki moja.

Mwanzo, hata hivyo, siubadilishi. Sauti moja inauliza "Krik?", halafu sekunde tatu tupu, ili aliye nyumbani aitike mwenyewe. Walio zamu kituoni walidhani mitambo imekufa, na kituo kimeniomba zishuke ziwe moja na nusu. Barua yao sijaijibu.