Je, wajua kwa nini jimu huwa imejaa kila unapokwenda?

Waulize wanaofanya mazoezi kwenye jimu ya watu wote kero yao ni ipi, na majibu hayatachelewa. Benchi lina mtu. Mashine ya kukimbilia ina mtu, na mwingine amesimama pembeni, taulo begani, macho kwenye saa ya mashine. Dumbeli za kilo 12 ipo moja tu kwenye rafu, pacha wake haijulikani kaenda wapi. Sasa mwulize msimamizi wa jimu hiyohiyo. Atakuapia kwamba muda mwingi ukumbi uko mtupu, na ukimbishia atafungua daftari la mahudhurio akuonyeshe.

Kinachofurahisha hapa ni kwamba huenda hakuna anayedanganya. Wageni wote wakiandika kwa uaminifu walichokikuta, na msimamizi naye akaandika kwa uaminifu alichokiona, wastani wao bado utapishana, pengine hata mara mbili.

Watu wengi hawafiki huko, kwa sababu wana maelezo ya haraka mkononi. La kwanza ni nuksi: mimi na jimu hatuna bahati. Hilo tuliache. La pili lina heshima zaidi, na wanaojiona wamesoma hulipenda: ati ni kumbukumbu inayotuchezea. Siku uliyosubiri benchi nusu saa unaikumbuka, siku uliyolikuta wazi umeisahau. Ni kweli kwamba kero hukaa kichwani kuliko raha, lakini maelezo haya yanadai kwamba mtu akiandika kila kitu bila kusahau, kero itayeyuka. Haiyeyuki. Mpe kila anayeingia karatasi, ahesabu vichwa palepale mlangoni kabla hajakumbuka wala kusahau chochote, na wastani wa karatasi hizo bado utakuwa juu ya wastani wa msimamizi. Kumbukumbu inaongeza chumvi tu kwenye kitu ambacho tayari kipo.

La tatu ni kwamba jimu imeuza uanachama kupita nafasi iliyonayo. Mara nyingi imeuza kweli, na tutarudi hapo. Lakini hilo nalo halielezi pengo lenyewe, maana hata jimu yenye wanachama wachache na ukumbi mkubwa ina pengo hilo. Na la nne, ambalo liko karibu zaidi na ukweli, ni kwamba unakwenda saa ambazo kila mtu anakwenda, kabla ya kazi na baada ya kazi. Sawa. Ila wanaosema hivi hudhani wamemweleza mtu mmoja mwenye ratiba mbaya, kumbe wameeleza jambo linalomkuta mgeni wa kawaida wa jimu yoyote ile, awe na kazi au asiwe nayo.

Tuchukue jimu ya kufikirika. Inafunguliwa saa 11 alfajiri na kufungwa saa 3 usiku, yaani saa 16. Kila anayeingia anakaa saa moja kamili, aondoke. Katika saa 3 za msongamano kuna watu 60 kila saa. Katika saa 5 za wastani kuna watu 20. Saa 8 zilizobaki zina watu 5 tu, ule muda ambao unasikia feni na redio kuliko vyuma. Jumla kwa siku wameingia watu 180, na 100, na 40, yaani 320.

Msimamizi anagawa 320 kwa saa 16 na kupata watu 20 kwa saa. Yuko sahihi. Nusu nzima ya siku yake ameangalia ukumbi wenye watu 5.

Sasa wahesabu wageni. Kati ya wale 320, watu 180 walijikuta kwenye ukumbi wa watu 60, wao wenyewe wakiwemo. Watu 100 walikuta 20. Ni 40 tu walioipata ile jimu tulivu. Kusanya majibu ya wote 320, tafuta wastani, unapata karibu 41. Jimu ni ileile, siku ni ileile. Msimamizi anasema 20, wageni wanasema 41, na hakuna aliyekosea hata kichwa kimoja.

Tofauti yote imetoka kwenye swali la nani anahesabiwa. Msimamizi anaipa kila saa kura moja. Kwa wageni, saa yenye watu 60 ina kura 60, na saa yenye watu 5 ina kura 5. Ni kama kuingia shuleni na kuwauliza wanafunzi, mmoja mmoja, kwao wamezaliwa watoto wangapi, ukitaka kujua ukubwa wa familia za mtaa ule. Nyumba yenye watoto wanane imekuletea mashahidi wanane, na kila mmoja anatamka nane. Nyumba yenye mtoto mmoja imeleta shahidi mmoja. Nyumba isiyo na mtoto haikuleta mtu, kwa hiyo kwenye daftari lako haipo kabisa, ingawa nyumba za aina hiyo zinaweza kuwa tatu katika kila tano mtaani. Utaondoka ukiamini kwamba mtaa mzima unazaa kwa fujo. Ndivyo ilivyo kwa saa tupu ya jimu: haina mgeni wa kuisimulia. Kadiri ukumbi unavyozidi kuwa wazi ndivyo wanavyopungua wa kutoa ushahidi kwamba ulikuwa wazi, mpaka inapofika saa isiyo na mtu, ambayo ingekufaa wewe kuliko zote, na haina shahidi hata mmoja.

Wanatakwimu huliita jambo hili kitendawili cha ukaguzi, na kinajitokeza pasipotarajiwa. Mwaka 1977 watafiti Scott Feld na Bernard Grofman walikieleza kwa madarasa: chuo kinaweza kutangaza wastani mdogo wa wanafunzi kwa darasa bila kusema uongo, huku wanafunzi wengi wakiwa wamebanana, maana darasa kubwa ndilo lenye wanafunzi wengi wa kulalamika.

Ukubwa wa pengo unategemea jinsi saa zinavyotofautiana. Wale watu 320 wangejigawa sawasawa, 20 kila saa, msimamizi na wageni wangetaja namba moja. Pengo likiwepo, linaelekea upande mmoja tu. Hakuna mpangilio wowote wa watu, hata ukiutafuta kwa makusudi, ambao wageni kwa wastani wangeiona jimu ikiwa wazi kuliko anavyoiona msimamizi. Kwenye jimu halisi watu hawakai saa moja kamili, mmoja anatoka baada ya dakika 20 na mwingine anakaa hadi taa zizimwe. Hayo yanabadilisha namba tu. Kwa kawaida pengo linabaki upande uleule.

Tahadhari moja inafaa hapa. Hesabu hii inamhusu mgeni wa wastani, na wewe si lazima uwe yeye. Anayekwenda kila siku saa 8 mchana ni mmoja wa wale 40, na akisikia wenzake wanalalamika atadhani wanazungumzia jimu nyingine. Ile chati ya msongamano inayoonekana kwenye Google Maps nayo inapanga saa pembeni kwa pembeni, kila saa na mhimili wake, kwa hiyo inakupa jicho la msimamizi. Mihimili mirefu ikiwa michache unaweza kudhani msongamano ni jambo la nadra, kumbe watu wengi wa siku hiyo wamo ndani ya mihimili hiyo michache.

Sasa ule uanachama uliouzwa kupita kiasi. Wachumi Stefano DellaVigna na Ulrike Malmendier walichapisha mwaka 2006 utafiti wa wanachama 7,752 wa jimu tatu za Marekani, uliofuatilia mahudhurio yao siku kwa siku kwa miaka mitatu. Waliochagua mkataba wa mwezi wa zaidi ya dola 70 walihudhuria kwa wastani mara 4.3 kwa mwezi. Kila ziara iliwagharimu zaidi ya dola 17, wakati tiketi ya ziara 10 ingewapa kila ziara kwa dola 10. Ni jimu tatu tu, na za nchi moja, kwa hiyo tusizibebeshe dunia nzima. Ila zinatosha kuonyesha kwamba wapo watu wanaolipa kwa ukawaida kuliko wanavyofika.

Hao hutawaona, na hapo kitendawili kinarudi kwa sura nyingine. Mwanachama anayekuja mara 20 kwa mwezi una nafasi mara kumi zaidi ya kukutana naye kuliko yule anayekuja mara 2. Jimu ikiwa na wanachama wa aina hizo mbili kwa idadi sawa, kati ya kila watu 11 walioko ukumbini kwa wastani 10 ni wale wa mara 20. Mgeni mpya anatazama pande zote na kuona watu wanaojua kila chuma kilipo, wanaosalimiana kwa majina, wanaofunga mkanda wa kiunoni bila kuutazama, na anahitimisha kwamba yeye peke yake ndiye mvivu. Nusu ya wanachama wenzake wako nyumbani. Feld huyohuyo aliandika mwaka 1991 kwamba kwa sababu ya hesabu hii marafiki zako, kwa wastani, wana marafiki wengi kuliko wewe, jambo ambalo linachukua muda kulisamehe.

Lakini mahali ambapo kitendawili hiki kinauma hasa ni kwenye benchi.

Unamjua. Amelala chali, kitaulo chini ya mgongo, chuma kimepakiwa sahani zote juu ya uso wake, na kidole gumba kinapandisha na kushusha kioo cha simu. Swali la watu ni kwa nini kila wakifika benchi wanamkuta huyu, wakati jimu ina watu wengi tu wanaomaliza haraka.

Tuseme benchi halikai wazi hata dakika moja, na watumiaji wako wa aina mbili, kwa idadi sawa: wanaotumia dakika 5, tuwaite wepesi, na wanaotumia dakika 25, tuwaite wazito. Katika saa moja watapita wanne, wepesi wawili na wazito wawili. Wepesi wamechukua dakika 10 kati yao. Wazito wamechukua 50. Ukitokea dakika yoyote bila kupanga, uwezekano wa kumkuta mzito ni 50 kwa 60, yaani mara tano katika kila sita, ingawa wazito ni nusu tu ya watu. Wale wepesi wapo, umepishana nao tu. Dakika zao ni chache mno kukusubiri ufike.

Kwa hesabu ya kawaida mtu angesema wastani wa kutumia benchi ni dakika 15, nimemkuta katikati, basi nitasubiri kama saba na nusu. Jibu sahihi ni karibu 11. Tena ina ukatili mdogo ndani yake. Ukishasubiri dakika 5 na bado yuko pale, mwepesi angekuwa ameshaondoka, kwa hiyo huyu ni mzito bila shaka, na kwa wastani amebakiza dakika 10. Umetoa dakika 5 za maisha yako, na muda unaotarajiwa kubaki umepungua kwa chini ya dakika moja.

Upendeleo huu unamwangukia aliyeko juu ya benchi wakati unafika. Kama kuna mtu wa pili amesimama akisubiri zamu mbele yako, yeye hujamkuta kwa sababu ya urefu wa muda wake, kwa hiyo nafasi ya kuwa mwepesi au mzito ni nusu kwa nusu. Kihesabu, wa kumwogopa ni aliyelala.

Hesabu yote hii inahitajika tu kwa sababu humwulizi. “Kaka, umebakiza seti ngapi?” inaondoa makisio yote kwa mpigo mmoja. Na kuna swali la pili lenye faida zaidi, la kupokezana. Seti ya marudio 10 haimalizi hata dakika moja, na anayebeba uzito mkubwa hupumzika dakika 2 au 3 kabla ya seti inayofuata, kwa hiyo katika zile dakika 25 chuma kimeinuliwa kwa dakika chache mno, zilizobaki ni za kupumua na simu. Watu wawili wanaingia humo bila kupunguziana chochote. Isipokuwa uzito wenu umepishana sana, kilo 40 na kilo 100 kwa mfano, hapo muda wa mapumziko utaishia kwenye kuchomoa na kuchomeka sahani, na afadhali usubiri.