Kabla ya Kuiga Mtindo wa Zamani

Wateja wengi huniomba usanifu wa kurasa na mabango "wa Kiswisi" au "wa Bauhaus" (shule ya sanaa na usanifu ya Ujerumani), wakiwa na maana ya sura tu: umbo jekundu, herufi zisizo na vijipembe (vile vimkia vidogo kwenye ncha za herufi), nafasi nyeupe tele. Nami huwauliza kwanza: msomaji wenu ni nani, na atasoma akiwa wapi? Kila mtindo ulizaliwa kujibu tatizo fulani. Ukichukua sura ukaacha tatizo, unabaki na ganda.

Chukua mabango ya karne ya 19, yaliyojaa pomoni, kila mstari na herufi za aina yake. Wanaosema wachapaji wale hawakuwa na ladha wanawaonea. Herufi zilibanwa ndani ya fremu ya chuma, na mstari usiojaa ulihitaji vipande vya kuziba mapengo. Neno fupi likapewa herufi pana, refu likapewa nyembamba, kazi ikaenda. Ila bango la namna hiyo linamtaka msomaji asimame.

Mwanzoni mwa karne ya 20, mjini Berlin, msanifu wa mabango Lucian Bernhard alimfikiria mpita njia. Bango lake la viberiti vya Priester lina njiti mbili na jina, basi, juu ya rangi moja iliyokoza. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ninayoifundisha: kimoja kitawale, vingine vifuate.

Jan Tschichold, Mjerumani msanifu wa herufi na vitabu, ndiye ninayemrudia zaidi. Katika kitabu chake cha 1928 alishambulia desturi ya kupanga kila kichwa cha habari katikati, kwa hoja kwamba maneno yanalazimishwa kuingia katika umbo lisilohusiana na maana yake. Mwaka 1933 Wanazi walimkamata. Baadaye akahamia Uswisi. Kufikia miaka ya 1940 aliona katika ukali wake wa ujana kitu kinachofanana na udikteta uleule alioukimbia, na alipofanya kazi Penguin, kampuni ya vitabu ya Uingereza, kuanzia 1947 hadi 1949, alirudisha majina ya vitabu katikati. Wapo waliomwona msaliti. Mimi naona uaminifu: msomaji wa riwaya hataki kushtuliwa kila ukurasa, anataka aachwe asome. Na Tschichold hakulegeza kitu. Aliwaandikia wapanga herufi kanuni kuhusu nafasi kati ya maneno na hata nafasi kati ya herufi kubwa.

Waswisi wenyewe? Wengi hudhani siri yao ni aina ya herufi iitwayo Helvetica, iliyotoka 1957 kwa jina la Neue Haas Grotesk. Kwangu, siri ni gridi, yaani safu na visanduku vinavyogawa ukurasa kwa vipimo. Msanifu wa Uswisi Josef Müller-Brockmann na wenzake walianzisha mwaka 1958 jarida lililochapishwa kwa Kijerumani, Kiingereza na Kifaransa. Matini ileile katika lugha tatu haina urefu sawa. Bila safu zenye upana maalumu, ukurasa ungekuwa vurugu.

Kwa hiyo nikichora gridi siangalii picha kwanza. Naanza na ukubwa wa herufi za matini, kisha nafasi kati ya mistari. Nafasi hiyo ndiyo inakuwa kipimo: kimo cha kila kisanduku ni idadi kamili ya mistari, na pengo kati ya kisanduku na kingine ni mstari mmoja. Hapo picha na maneno hukaa usawa mmoja bila kulazimishwa, na ninajua hasa ni lini nivunje mpangilio huo.