Kabati tupu la Bandjoun

Mwenzenu nimekaa kwenye kazi za makumbusho miaka kumi na nne sasa, upande wa mikusanyo, yaani yule mtu anayeshinda stoo na glavu nyeupe akiandika namba kwenye vitu kwa wino na kugombana na mende na mchwa. Kwa kazi hii nikikuta kabati la kioo lina kibandiko halafu ndani hamna kitu moyo unapiga paa. Kwetu kabati tupu lina maana mbili tu, kitu kimeenda kutibiwa au kimeibwa. Sasa nimefika kwenye makumbusho ya ikulu ya Bandjoun, magharibi mwa Kamerun, nakuta kibandiko kipo na kinyago hakipo, namuuliza kijana aliyekuwa anatutembeza, ananijibu kama mtu anayesema mama kaenda sokoni: "Kimetoka, kuna shughuli ya marehemu kule bondeni."

Yaani kinyago kimeenda msibani.

Sio mazishi lakini. Huko mtu anazikwa mapema kama kwetu, halafu familia inajipanga, inaweza kupita miaka, ndo wanafanya ile shughuli kubwa ya kumuaga marehemu, ngoma, vyakula, watu wanatoka Douala na Yaoundé na mpaka Ulaya, na msimu wake ni kiangazi, kuanzia Novemba hivi mpaka Machi. Fikiria arobaini, ila arobaini iliyosubiri hela zipatikane. Na vyama vya siri vya jadi vinatoka na vinyago vyao, na baadhi ya vinyago hivyo makazi yake ya kawaida ni ndani ya kioo cha makumbusho. Nilikaa Bandjoun siku mbili na ukweli muda mwingi nilikuwa nawaza hilo kabati.

Ngoja nirudi nyuma kidogo maana najua wengi hatupajui. Wabamileke, ndio wenyeji wa Bandjoun, wako kwenye nyanda za juu, Mkoa wa Magharibi, makao makuu Bafoussam, na Bandjoun iko pua na mdomo na Bafoussam kwa upande wa kusini. Baridi yake ni ya Njombe kabisa, udongo mwekundu, kahawa, migomba, mahindi mpaka mlangoni. Na ukisikia mtu anasema "mfalme wa Wabamileke" ujue hajafika, hakuna huyo mtu. Kuna himaya zaidi ya mia, kila moja na chifu wake anayeitwa Fo, na jina lenyewe Bamileke ni mwavuli tu, ukimuuliza mtu kwao atakwambia yeye ni wa Bandjoun au Baham au Batoufam. Halafu watu wanachanganya na Foumban. Foumban ni kwa Wabamum, majirani, wana sultani wao na mambo yao na makumbusho yao makubwa, ni stori nyingine kabisa.

Ikulu ya kule unaishukia, haikai kileleni. Mi nilizoea ngome na majumba ya wakubwa yanakaa juu ili yaonekane, kule sokoni ndo juu, halafu kuna barabara pana inateremka moja kwa moja, nyumba za wake wa Fo zikiwa zimepangwa kushoto na kulia, mpaka chini kwenye nyumba kubwa, na nyuma yake msitu wa matambiko ambao we mgeni huingii. Kwa hiyo unamwendea Fo ukiwa unashuka, magoti yamekunja yenyewe.

Nyumba kubwa sasa. Paa lake ni la msonge, la nyasi, limesimama kwa juu mpaka shingo inauma, lakini chini kuta zake ni mraba, na hapo ndipo fundi anapoonesha ufundi wake maana kukalisha duara juu ya mraba sio kazi ya kubahatisha. Wanachofanya ni kuweka kama jukwaa la duara juu ya zile kuta na pembe za kuta zinabeba, halafu fito zinapanda kutoka kwenye duara. Watu wa kule wakiongea Kifaransa wanaita zile fito bambu, na waandishi wengi wananakili hivyohivyo, ila sio mianzi jamani, ni makuti ya rafia yaliyotolewa majani, ule mti wa jamii ya mitende ambao baadhi yetu tunauita mwale. Nilishika moja, ni nyepesi kama boriti ya boksi, nje ngumu inateleza, ndani sifongo. Zamani ukuta ulikuwa unafungwa kwanza chini, umelala, halafu wanaume wanausimamisha. Kuzunguka nyumba kuna nguzo za miti zilizochongwa watu na wanyama na matukio, na mlango umeinuliwa, kizingiti kiko juu ya goti langu, yaani kuingia lazima uinue mguu na kuinamisha kichwa kwa wakati mmoja. Niligonga ugoko. Kijana akasema kila mgeni anagonga, na hakucheka sana.

Hii nyumba iliungua mwaka 2005. Yote. Ikajengwa upya, nguzo zikachongwa upya. Bahati makumbusho yako kwenye jengo lake pembeni. Nilipoambiwa nilikumbuka Kasubi, makaburi ya Makabaka kule Kampala, Machi 2010, nyasi vilevile, moto vilevile, na sisi watu wa urithi tulivyoanza kubishana kama kikijengwa upya bado ni kile kile. Msimamo wangu umebadilika kwenye hili, zamani ningekwambia kitu halisi ni kile kilichoshikwa na mikono ya wale wa zamani, basi. Lakini nyumba ya nyasi inaezekwa upya kila baada ya miaka hata isipoungua, kwa hiyo kilicho cha zamani pale ni ile fundo la kufungia fito, na fundo liko kwenye vidole vya watu. Fundi akifa bila kufundisha ndo nyumba imeungua kweli.

Ndani ya makumbusho kuna viti vya enzi, na hapa nilikaa sana. Kila Fo ana kiti chake, hakirithiwi kukaliwa hovyo, na ukijua kusoma unamsoma mtu kwenye kiti. Chui chini ya kiti maana yake ni mkubwa mwenyewe, chui ni yeye, hata ngozi ya chui sio ya kila mtu. Chura ni uzazi. Buibui wa ardhini, yule mkubwa anayekaa shimoni, ni mtabiri, kule kuna waganga wanasoma alama anazoacha buibui akipita kwenye majani au vijiti walivyomwekea. Na mti wote wa kiti umevikwa shanga, kitambaa kwanza kisha shanga juu yake moja moja, pembetatu pembetatu, na zile pembetatu ni madoa ya chui. Shanga ni za kioo, za Venice na Bohemia, zilikuja kwa biashara na zilikuwa hela kabisa, kwa hiyo kiti cha namna hii ni kama mtu amefunika sofa kwa noti.

Na kuna kete, yale makombe madogo ya baharini yaliyokuwa hela kule zamani. Hapo ndo niliinama mpaka pua ikagusa kioo, maana mimi mtoto wa pwani na kete nazijua. Kuanzia miaka ya 1840 kampuni za Hamburg zilikuwa zinapakia kete Zanzibar meli kwa meli na kuzipeleka Afrika Magharibi, zile za kwetu zenye pete ya manjano mgongoni, kubwa kidogo kuliko za Maldivi zilizotangulia, wakazimwaga kule mpaka thamani ikaporomoka. Nilitaka kuona pete. Sasa fundi wa kushona kete anakata mgongo wote ili ilale bapa kwenye nguo, kinachobaki mbele ni ule mdomo wenye meno, kwa hiyo pete, cheti cha kuzaliwa chenyewe, ilishaenda. Nilibaki kutazama meno tu kama mtu anayetafuta ndugu kwenye picha ya zamani.

Vinyago vya tembo ni vya chama cha Kuosi, ni kofia ya kitambaa inayofunika kichwa chote, masikio duara makubwa kama sahani, mbele kitambaa kirefu kinashuka mpaka tumboni ndio mkonga, kingine nyuma, shanga kila mahali. Kuingia chama hicho lazima uwe na uwezo, maskini hachezi tembo. Wanacheza wamevaa ndop, kitambaa cha bluu ya nili chenye michoro myeupe, na ndop nayo ina safari yake: pamba inafumwa vipande vyembamba kaskazini, upande wa Garoua, vinaungwa, michoro inashonwa kwa uzi wa rafia, kinatumbukizwa kwenye nili, uzi ukifumuliwa pale ulipobana panabaki peupe. Kaniki ya bibi yangu ingeona wivu.

Kuna picha na vitu vya Fo Kamga Joseph, aliyetawala kuanzia 1925 hadi 1975, miaka hamsini, kaingia Wafaransa wakiwa wamekaa vizuri, kapita uhuru, kapita na ile vita ya wapiganaji wa UPC, chama kilichokuwa kinapigania uhuru, iliyochoma ikulu nyingi za Wabamileke miaka ya mwisho ya 50 na ya 60. Ukienda mkoa huu kutafuta vitu vya kale kumbuka hiyo vita, vingi viliishia kwenye majivu, na vingine viliondoka wakati watu wanakimbia.

Vilivyoondoka ni stori ndefu, nitataja kimoja. Kwa jirani zao Wabangwa, mfanyabiashara Mjerumani Gustav Conrau alichukua mwishoni mwa miaka ya 1890 sanamu ya mwanamke anayecheza, wanaiita Malkia wa Bangwa, na mwaka 1990 ikauzwa kwenye mnada New York kwa dola milioni 3.4. Nenda kaulize bei yake kwao uone utakavyoangaliwa. Kwa upande mwingine mwaka 2022 makumbusho ya quai Branly, Paris, yalifanya maonesho makubwa ya himaya hizi, na vitu vingi viliazimwa moja kwa moja kutoka kwa machifu, vikasafiri vikiwa na mwenyewe anayejulikana kwa jina, na machifu wenyewe wakaenda. Mradi unaoitwa Route des Chefferies ndio ulikuwa nyuma yake, na ndio ulioanzisha vijumba vya makumbusho kwenye himaya kadhaa pamoja na makumbusho ya Dschang yaliyofunguliwa 2010.

Vitu ambavyo havioneshwi navyo ni vingi. Fo mpya hatangazwi kwa barua, wazee wanamkamata hadharani, kweli wanamshika mbele za watu, ndo watu wanajua kumbe ni huyu, kisha anapelekwa la'akam, jandoni kwake, wiki tisa, na wiki ya kule ya jadi ina siku nane. Anafundishwa utawala na wazee tisa, na anatarajiwa atoke akiwa ameshaonesha kwamba uzazi upo. Mama yake anakuwa Mafo, na Mafo sio cheo cha kupambia, anaingia vikao ambavyo wanawake wengine hawaingii. Fo akifa husemi amefa, unasema ametoweka. Baada ya muda fuvu linatolewa kaburini na kutunzwa, na linapewa chumvi na mafuta ya mawese, kwa sababu babu ambaye hajalishwa analeta kesi.

Nikauliza mafuvu yako wapi. Kijana akaangalia pembeni akaendelea na kabati linalofuata, na nikaona aibu, maana mimi natoka nchi ambayo fuvu la Mkwawa lilirudishwa 1954 na mpaka leo liko Kalenga kwenye kioo, tunapeleka watoto wa shule kuliangalia kisha wanakula chipsi. Sijui kama Wahehe tuliwahi kuwauliza wanaonaje.

Ukienda, mambo machache. Fo hapewi mkono, unainama na kupiga makofi taratibu, viganja vimekunjwa kama unachota maji. Picha omba kwanza. Ukipewa mbegu ya kola pokea hata kama ni chungu. Kula nkui, mchuzi wa kule, na sima ya mahindi, inateleza kuliko bamia, usiivalie shati jeupe. Na ukiwa na saa moja ya ziada kuna Bandjoun Station, kituo cha sanaa cha Barthélémy Toguo, jengo lenyewe linatosha.

Siku ya pili asubuhi nilirudi. Kinyago kilikuwa kinarudishwa. Nilitegemea boksi, karatasi laini, fomu. Alikuja mzee mmoja na kifurushi cha ndop kwapani, na yule kijana wa makumbusho, mwenye ufunguo, alifungua kabati kisha akasogea nyuma maana yeye sio mwanachama na hakigusi. Mzee akakitoa mwenyewe, mikono mitupu, kikiwa bado kinanuka moshi, vumbi jekundu limeshika pindo la mkonga wote. Nilitaka kusema kitu kuhusu jasho na uzi wa pamba. Kisha nikawaza, kimekaa kwenye nyumba zenye moto wa kuni miaka yote hiyo na mdudu hakuthubutu, wakati mimi stoo kwangu nina viyoyozi na mchwa.

Akakikung'uta kidogo, akakitundika, akanyoosha sikio la kushoto. Shanga moja ya bluu ikadondoka sakafuni. Mimi ningeiweka kwenye kifuko, tarehe, namba, sahihi. Mzee aliiokota, akaiangalia, akaitia kwenye mfuko wa kanzu yake na kumwambia kijana afunge.